UZI: Tumbili anajua kusema "chui!" Hajui kusema "yule chui wa juzi"

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu ni mrefu, na nimeukalia wiki tatu kabla ya kuuleta. Nina sababu yangu, nitaisema nikifika huko.

Swali ni la zamani: ni kitu gani hasa kinamfanya mtu awe mtu?

Shuleni tulikaririshwa jibu moja. Binadamu ni kiumbe anayetengeneza zana. Mwalimu wetu wa historia alichora ubaoni jiwe lililochongwa la Oldupai, akaligonga kwa chaki, akasema hapa ndipo mtu alipoanzia. Jibu zuri, na la kujivunia kwa Mtanzania. Shida ni kwamba lilikuwa limeshakufa kabla sijazaliwa, na lilifia hapahapa nchini.

Novemba 1960, msitu wa Gombe, Kigoma. Jane Goodall, binti wa miaka 26, anamwona sokwe dume aliyempa jina David Greybeard amechutama kwenye kichuguu. Sokwe anachukua ujani mrefu, anaupenyeza kwenye tundu, anatulia kidogo, anauvuta polepole. Umejaa mchwa walioung'ata. Anaupitisha mdomoni, anatafuna, anaurudisha tundu lilelile. Baadaye akawaona wakikata vijiti na kuvipukusa majani kwanza ili vipite. Huko kupukusa majani ndiko kutengeneza zana kwenyewe. Habari zilipomfikia Louis Leakey, mtafiti wa Oldupai aliyemtuma Gombe, jibu lake lilikuwa kwamba sasa itabidi tubadili maana ya zana, au tubadili maana ya mtu, au tukubali kwamba sokwe nao ni watu.

Wengi wakakimbilia lugha: mnyama hana maneno. Nako kukaingia mchanga. Kule Amboseli, upande wa Kenya chini ya Kilimanjaro, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi milio ya tumbili, wakaficha spika vichakani, wakawasikilizisha milio hiyo wakati hakuna adui yeyote karibu. Waliyachapisha matokeo mwaka 1980. Ukisikika mlio wa chui, tumbili walioko chini wanakimbilia mtini. Mlio wa tai, wanatazama juu na kujitupa vichakani. Mlio wa nyoka, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kukodolea nyasi. Hayo ni maneno, jamani. Machache, lakini maneno.

Ila sikilizeni. Tumbili anajua kusema "chui!" Hajui kusema "yule chui wa juzi, aliyemchukua mtoto wa fulani, siku hizi kahamia ng'ambo ya mto." Na zaidi ya hapo, hajui kukaa na wenzake jioni akaanza, "Siku moja palitokea chui," nao wakasogea kusikiliza hali wanajua kabisa kwamba hapo hakuna chui.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mtu ni mnyama anayesimulia.

Tazameni tunavyofungua hadithi sisi Waswahili. Msimulizi anapiga hodi: "Hadithi! Hadithi!" Tunamjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mtu akitaka kukutapeli, uongo wake anauficha chini ya shati. Hapa tunauita kwa jina lake, tunaufungulia mlango, tunauomba uwe mtamu. Watu wazima na watoto wanakubaliana kwamba kwa muda huu, kwenye mkeka huu, kisichokuwepo kitakuwepo. Mimi sijui mkataba mwingine wenye maneno machache namna hiyo.

Bibi mzaa mama alikuwa Handeni. Msimu wa mahindi alitukusanya usiku, wajukuu sita, tukazunguka ungo, kila mmoja na rundo lake la magunzi. Koroboi ilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alianza, "Paukwa!" Tukajibu, "Pakawa!" Na hakuishia kuuliza mwanzoni tu. Katikati ya hadithi, zimwi limeshafika mlangoni, binti kajificha nyuma ya mtungi, bibi anakatiza, "Paukwa!" Sauti zikirudi sita, anaendelea. Zikirudi tatu, anapandisha sauti kidogo, anamfanya zimwi akohoe. Ikirudi moja, anafuta mikono kwenye khanga na kusema, "Kesho." Unabaki na zimwi lako mlangoni mpaka kesho yake usiku. Hata umlilie vipi, hamalizi. Nilikuwa nadhani ni ukali. Sasa nadhani alikuwa anajua kwamba hadithi ni kazi ya watu wawili, na kwamba asiye na wa kumwambia "pakawa" anaongea peke yake.

Na mchana? Hata umbembeleze vipi. Ukisimuliwa hadithi mchana utaota mkia, alituambia. Nimeishi na mkia huo kichwani miaka mingi, mpaka nilipokutana na kazi ya mwanaanthropolojia Polly Wiessner. Huyu aliishi na Waju/'hoansi, wawindaji wa Botswana na Namibia, na mwaka 1974 akaweka kumbukumbu za mazungumzo yao. Baadaye akayachambua mazungumzo 174, akitenga ya mchana na ya usiku. Mchana, asilimia 34 yalikuwa malalamiko na kusemana, asilimia 31 mambo ya riziki, na hadithi asilimia 6 tu. Usiku kwenye moto, hadithi zilipanda hadi asilimia 81. Kazi hiyo ilichapishwa 2014. Watu walewale, midomo ileile. Jua likizama, lawama zinalala na hadithi zinaamka. Bibi hakuwa amesoma jarida lolote.

Naomba kuwasilisha. Nitaendelea kadiri mtakavyochangia.

#2 – Mchangiaji, Bukoba

Nimeweka kambi hapa. Kwetu Uhayani msimulizi anaanza kwa kusema alikuja akaona, na wasikilizaji wanamjibu kwa maana hii: ona, nasi tupate kuona. Ndiyo "pakawa" yetu. Msikilizaji hasemi "sema nisikie", anasema "ona nione". Babu yangu akipiga enanga, ala yetu ya nyuzi, alikuwa anafumba macho, na tuliamini kabisa kwamba anawatazama watu wengine kule ndani.

#3 – Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri ila kuna mahali umeteleza. Unasema kinachomtenga mtu ni kusema jambo lisilokuwepo mbele yake. Nyuki je? Nyuki akirudi mzingani anacheza ngoma ya kuwaonyesha wenzake maua yako upande gani na umbali gani. Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel 1973 kwa sababu ya kazi hiyo. Maua hayapo mzingani, na bado anayasema. Kwa hiyo nyuki naye ni mtu?

La pili. Hadithi hailimi. Wakati mmoja anasimulia, mwingine anachimba, mwingine anawinda. Kama uhai ni mashindano, wasimuliaji wangekufa njaa zamani za kale na tungebaki na wachapakazi. Nijibu hilo.

#4 – Mleta uzi

Mkuu wa #3, umenishika pabaya, nakubali. Kusema kisichokuwepo hakutoshi. Nyuki amenishinda hapo na sitabishana naye.

Lakini angalia nyuki anasema nini. Anasema ua liko wapi. Hasemi ua lilimpata nini. Ramani anayo, kisa hana. Kisa kinataka mtu anayetaka kitu, kitu kinachomzuia, na kinachotokea kwa sababu ya hayo mawili. Na sisi hiki tunakiona hata mahali ambapo hakipo. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya maumbo: pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara, na kisanduku chenye mlango unaofunguka. Maumbo yanasogea tu, basi. Wakawauliza watazamaji 34 waeleze walichokiona. Ni mmoja tu aliyeeleza mistari na maumbo. Waliobaki waliona viumbe vyenye nia: huyu mkubwa ni mkorofi, yule mdogo anajitetea, huyu duara ana hofu, wanamkimbia. Pembetatu, jamani! Hawakuambiwa watunge. Hawakuweza kujizuia.

Na mfano wa karibu zaidi na nyumbani ni Laetoli, kusini ya Oldupai. Zile nyayo zilizokanyagwa kwenye jivu la volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, zikafukuliwa na timu ya Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970. Mistari miwili inakwenda sambamba kuelekea kaskazini, na wa tatu amekanyaga ndani ya nyayo za mmoja wao. Ni mashimo kwenye jivu gumu, si kingine. Sasa jaribu kuyatazama bila kujiuliza walikuwa nani kwa nani. Baba, mama na mtoto? Walikuwa wanakimbia mlima? Mary Leakey mwenyewe, mtu wa rula na brashi, alipofika kwenye unyayo mmoja uliokaa tofauti, aliandika kwamba pale mmoja wao alisimama, akageuka kushoto kama anayetazama jambo, kisha akaendelea na safari. Nikiisoma sehemu hiyo nywele zinanisimama. Miaka milioni tatu na zaidi, na mtu anageuza shingo.

Kuna mwanahistoria wa Italia, Carlo Ginzburg, aliyewahi kudokeza kwamba huenda msimulizi wa kwanza alikuwa mwindaji. Yeye ndiye aliyeweza kutazama kwato, mavi yaliyokauka nusu na tawi lililovunjika, akasema: "Alipita hapa alfajiri, anachechemea, yuko na mtoto." Mimi wazo hilo nimelipokea moja kwa moja. Aliyekulia porini na wachungaji analijua.

Sasa kuhusu njaa. Swali lako lilijibiwa kwa mchele, kwa maana halisi. Waagta ni wawindaji na wavuvi wa Ufilipino. Watafiti wakiongozwa na Daniel Smith na Andrea Migliano walipita kambi 18 wakiwauliza watu karibu 300: ungependa kuishi na nani? Ungedhani watamtaja mvuvi hodari. Wasimuliaji wazuri walichaguliwa kuliko wavuvi na wachimbaji hodari. Tena walikuwa na watoto wengi zaidi. Na walipocheza mchezo wa kugawana mchele, kila mtu akiamua abaki na kiasi gani na awape wenzake kiasi gani, kambi zilizokuwa na wasimuliaji wengi wazuri ndizo zilizogawa kwa ukarimu zaidi. Ilichapishwa 2017.

Moja ya hadithi zao ni ya jua na mwezi. Jua ni mwanamume, mwezi mwanamke, wanagombea nani aangaze mbingu. Wanapigana, mwezi anaonekana ana nguvu sawa na jua, basi wanapatana: mmoja mchana, mwingine usiku. Fikiria mtoto anayesikia hilo mara mia kabla hajaota ndevu. Huhitaji tena kumwitia kikao cha kumfundisha kugawana samaki.

Kwa hiyo hadithi hailimi, ni kweli. Ila ndiyo inayowafanya watu wakubali kulima pamoja.

#5 – Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, hapo kwa msikilizaji umenigusa. Kwetu pwani mfano ni Fumo Liyongo, na wengi humu wanakijua kisa, lakini wanakipita mbio.

Liyongo yuko gerezani, amefungwa minyororo, na walinzi mlangoni. Mjakazi wa mamake, Saada, humletea chakula, na walinzi hukila kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo, akamwimbia Saada aupeleke kwa mamake. Ujumbe ulikuwa kwamba aoke mikate mizuri, na aoke mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa, chuma cha kukerezea. Walinzi wakala mikate mizuri, wakamtupia mfungwa ule wa makapi. Kisha akaomba apigiwe gungu kwa mara ya mwisho, na matari na siwa zikalia mji mzima. Ndani ya kelele hizo akawa anakereza minyororo.

Tazama hapo. Wimbo mmoja, masikio mawili. Mama alisikia tupa, walinzi walisikia kuimba. Wale walinzi walikuwa na masikio mazima na Kiswahili kizuri, lakini hawakuwa wasikilizaji wake. Hawakuwa na "pakawa".

Na kisa chenyewe kilitembea vinywani karne kwa karne kabla ya kutiwa wino. Nyanyangu hakujua kusoma hata jina lake, na alikuwa nacho chote, na pale penye mkate alikuwa akishusha sauti kama kwamba walinzi wako barazani.

#6 – Mchangiaji

Naongeza moja, wala sitarefusha. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra na tsunami yake. Wakubwa mnakumbuka, ilifika hadi fukwe zetu za Kenya na Tanzania ikaua watu. Kule Aceh, Indonesia, zaidi ya watu 160,000 walikufa au kupotea.

Karibu kabisa na kitovu cha tetemeko kuna kisiwa kinaitwa Simeulue. Kilikuwa na watu kama 78,000. Wimbi liliwafikia ndani ya dakika chache, hakuna king'ora, hakuna simu. Walikufa saba.

Sababu? Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na wimbi kama hilo na watu wengi wakafa. Walionusurika wakawasimulia watoto, watoto wakawasimulia wajukuu, na kisa kikawa na jina lake: smong. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma na kuacha samaki wanarukaruka, usiokote samaki. Kimbia mlimani. Waliiweka hadi kwenye nyimbo za kubembelezea watoto. Miaka 97 baadaye mtu akapiga kelele neno moja tu, "Smong!", na kisiwa kizima kikapanda kilimani.

Lakini neno hilo si kama "chui!" wa tumbili. Ndani yake mlikuwa na bibi, na bahari iliyorudi nyuma, na ndugu waliokwenda kuokota samaki wasirudi. Bila kisa hicho, neno tupu lisingempandisha mtu mlima na chakula chake kikiwa jikoni.

#7 – Mchangiaji, Ngara

Nimesoma uzi wote na ninawaheshimu mnaochangia, ila mnaisifia hadithi kama vile ni maji ya kunywa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule Ngara mwaka 1994. Mwisho wa mwezi wa nne watu walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, robo milioni ndani ya siku moja hivi. Barabara haikuonekana lami. Waliobeba magodoro, waliobeba wagonjwa, na wengine hawakubeba kitu, wanatembea tu. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa unaleta maiti. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Waliouawa kule ng'ambo hawakuuawa na panga peke yake. Waliuawa na hadithi. Kulikuwa na redio, RTLM, ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wacheshi, watu walicheka nayo. Na kila siku ilisimulia kisa kilekile: hawa si majirani, hawa ni mende, walikuja zamani kututawala, wanarudi kutumaliza. Kina mwanzo, kina adui, kina mwisho unaotakiwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ilitoa hukumu Desemba 2003 dhidi ya waanzilishi wawili wa redio ile na mwenye gazeti mmoja. Hakuna kati ya watatu hao aliyehitaji kushika panga.

Kwa hiyo mleta uzi, ukisema mtu ni mnyama anayesimulia, malizia sentensi. Tumbili hajawahi kumaliza tumbili wenzake kwa sababu ya kisa.

#8 – Mleta uzi

Ndugu wa Ngara, asante, na pole kwa uliyoyaona ukiwa mtoto. Sina la kupunguza. Nilikaa na ujumbe wako siku mbili.

Nitaongeza kitu kimoja tu pembeni yake, wala si kwa ajili ya kusawazisha. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Mwezi huohuo, Julai 1993, upande wetu wa mpaka, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wa rika langu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake kila kituo anacholala, na mkewe Tunu anayehangaika na watoto nyumbani. Mkwaju aliupata UKIMWI mbele ya masikio ya nchi nzima. Mtaani kwetu watu walimsema kama jirani. Mama alikuwa akimkaripia redioni: "Mkwaju, una wazimu wewe!"

Mchezo ule ulipimwa. Ulirushwa nchi nzima isipokuwa eneo la Dodoma, ambalo liliachwa kwanza ili lilinganishwe na kwingine. Uzazi wa mpango ukapanda kulikosikika mchezo, Dodoma usipande hivyo, mpaka nao walipoanza kuupata mwaka 1995. Hilo halikufanywa na daktari wala bango. Lilifanywa na dereva ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Nchi mbili zinazopakana, mwezi mmoja, redio mbili, visa viwili. Nimejaribu kutafuta tofauti yake iko wapi. Moja naiona: Mkwaju aliitwa uongo tangu mwanzo. Ulikuwa mchezo, na kila mtu alijua ni mchezo, alichagua kukolezwa. Kile kisa kingine kiliingia bila kupiga hodi. Hakikusema "hadithi, hadithi". Kilisema "taarifa". Labda ndiyo maana wazee wetu waliweka mlango mwanzoni na mlango mwishoni: hadithi yangu imekwisha, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Mtu anakirudisha kisa chake mikononi mwake, anakiri ni yeye aliyekileta. Sidhani hilo lingeizuia Rusumo. Nasema tu kwamba walikuwa wanaijua hatari.

Sasa sababu yangu ya kuuleta uzi.

Mama alifariki mwezi wa tatu. Tulikuwa Tanga mjini, nyumbani kwake. Aliyekuwa naye siku ile ni mama mdogo, mdogo wake wa mwisho. Msiba mnaujua: watu wanaingia mmojammoja, wanavua viatu, wanakaa mkekani, kimya. Kisha, "Poleni." Kimya tena. Kisha lazima mmoja aulize, kwa sauti ya chini, "Ilikuwaje?"

Na mama mdogo anaanza. Siku ya kwanza alikuwa anaruka huku na huku. Anaanza na hospitali, anarudi kwenye uji, anamtaja dereva wa bajaji, anasahau siku, analia, anashikwa mabega. Baada ya nusu saa wanaingia wengine, "Ilikuwaje?", anaanza upya. Mimi nilikasirika. Nilitoka nje nikamwambia kaka, hawa watu hawana huruma, wanamrudisha mle ndani mara ishirini kwa siku. Kaka akaniangalia tu, hakujibu.

Siku ya pili nikaanza kusikiliza. Kisa kilikuwa kinajipanga. Sasa kilianza na uji: "Jumanne aliamka vizuri kabisa. Nikampa uji, akasema mbona hauna sukari. Nikamwongezea." Hiyo sukari ilikuwa imepata mahali pake, na kila alipofika hapo wanawake waliguna, "Hmm," na mama mdogo alisubiri mguno ule kabla ya kuendelea. Kisha akasema mgongo unamuuma, anataka kujinyoosha. Kisha akaomba dirisha lifunguliwe. Alilia mahali palepale, kwenye dirisha, lakini kila mara kwa muda mfupi kidogo. Siku ya tatu, tunaanua tanga, alikisimulia kwa jirani aliyetoka Pangani bila kukosea hata neno, na alipofika dirishani alipumzika, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akamaliza.

Bibi alifuta mikono yake vilevile kwenye khanga.

Jioni ile mama mdogo alikuwa amelala kwa uchovu. Akaingia mzee mmoja, alikuwa mteja wa mama miaka mingi, kachelewa kupata habari. Akavua viatu, akakaa, "Poleni." Nikaangalia mlangoni kama kuna mtu mzima mwingine anakuja. Hakuna. Akaniuliza mimi, "Ilikuwaje, mwanangu?"

Nikafungua mdomo, na yaliyotoka yalikuwa, "Jumanne aliamka vizuri kabisa."

"Ehee," akasema yule mzee.

#9 – Mchangiaji, Bukoba

Pole sana, mleta uzi. Mungu amrehemu mama. Umesema yule mzee alikuwa mteja wake. Mama alikuwa anauza nini? Ona nasi tuone.

#10 – Mleta uzi

Asante, ndugu yangu.

Vitumbua. Aliamka saa tisa usiku, miaka thelathini na kitu, hata siku za mvua. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu jana yake kwenye beseni la bluu lililotoboka pembeni akaliziba kwa lami. Alikuwa na kikaango cha chuma cha mashimo saba, na kile cha saba, cha katikati, kiliunguza siku zote, hicho alikuwa hauzi. Tulipoamka kwenda shule tulikuta vya katikati vyote vimepangwa kwenye sahani yetu, na yeye ameshatoka, na moshi bado uko darini. Siku moja nikamuuliza kwa nini hanunui kikaango kingine…